Isabela na Kadi Iliyokwama Masasi

Isabela hakuwa mtu wa kuogopa mashine. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na tisa, katika kijiji kilicho nje kidogo ya Mueda, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na jenereta la shule lilipogoma ni yeye aliyekunja mikono ya blauzi akalifungua. Alichoogopa ni umbali. Tangu watu wenye silaha walipoanza kuchoma vijiji vya kwao, naye akavuka kuja Newala kwa mdogo wake Magdalena, kila kitu chake cha maana kilikuwa mbali: kaburi la mumewe, mikorosho yake, na benki iliyopokea pensheni yake.

Kilichobaki karibu ni kadi ya benki hiyo. Aliifunga kwenye leso, leso akaipachika kwa pini ndani ya vazi lake, na hata akioga aliiweka pale anapoiona. Mara moja kwa mwezi alishuka Masasi, kwa kuwa kule ndiko kulikuwa na mashine iliyoikubali kadi ya nje. Pensheni hiyo ndiyo iliyonunua maji kwa madumu wakati wa ukame na kumlipia Sikuzani, binti wa Magdalena, mafunzo ya ushonaji. Ikipotea, Isabela angekuwa mgeni wa kulishwa. Hilo alilifikiria mara nyingi kuliko alivyosema.

Laini yake ya Msumbiji haikushika mtandao Masasi. Kwa hiyo kila alipotoka aliiacha Newala, ndani ya simu ndogo ya vitufe, mikononi mwa Sikuzani. Ukisimama Shimo la Mungu, pale ambapo nchi inakatika ghafla na kuporomoka kuelekea bondeni, mtandao wa ng'ambo ulikuja wenyewe. Benki ilimjua Isabela kwa laini hiyo tu.

Jumamosi moja mwezi wa kumi na moja gari liliharibika njiani, akafika Masasi saa nane mchana. Benki ilikuwa imeshafungwa. Kwenye mashine ya ukutani palikuwa na mtu mmoja tu, mwanamume wa makamo mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, naye akampisha.

"Tangulia, mama. Mimi sina haraka."

Isabela akaiingiza kadi, akabonyeza namba ya siri. Mashine ikanyamaza. Kioo hakikuonyesha kitu, na kadi haikutoka.

"Huwa inafanya hivyo," yule mtu akasema, akasogea mpaka Isabela akasikia harufu ya manukato yake. "Bonyeza kitufe chekundu, halafu rudia namba polepole. Itaitapika."

Akarudia. Polepole, kama alivyoambiwa, kidole kimoja, tarakimu moja moja. Mashine ikabaki kimya.

"Basi imeimeza. Njoo Jumatatu, mama, watakupa. Nenda tu kapumzike."

Isabela alishuka ngazi moja. Kisha akasimama. Mtu huyu alikuwa amesema hana haraka, lakini mkononi hakuwa na kadi, wala hakuwa ameshika pochi. Na alitaka sana Isabela aondoke. Akakumbuka siku ile aliposikia milio ya kwanza ya risasi akadhani ni watoto wanapiga mabati. Namba yake ya siri mtu huyu alikuwa ameiona. Si mara moja, mara mbili.

Akapanda tena ile ngazi, akaegemeza mgongo kwenye mashine.

"Namsubiri mtu," akasema.

Yule bwana akatabasamu, akavuka barabara, akasimama kwenye kibaraza cha duka la vipuri. Hakwenda mbali zaidi ya hapo.

Mlinzi wa jengo alirudi kutoka kula, mzee mwenye kofia ya sufu. Isabela akamweleza. Mzee akatikisa kichwa.

"Kadi ikimezwa ni Jumatatu, mama yangu. Huo ndio utaratibu. Wapishe wengine."

"Sitoki hapa, baba. Yule pale ananingoja nitoke."

Mlinzi akaangalia ng'ambo ya barabara. Yule mtu alikuwa anachezea simu yake kama raia mwingine yeyote. "Yule? Mbona mtu mwenyewe msafi," mzee akasema, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Isabela akampigia Sikuzani kwa laini yake ya Tanzania. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu binti akapokea, nyuma yake kelele za ndoo na wanawake wanaogombea zamu.

"Mama mkubwa, niko bombani, zamu yangu inakaribia."

"Acha ndoo. Chukua ile simu yangu ndogo, uende Shimo la Mungu. Kimbia, mwanangu. Ukifika piga namba iliyoandikwa Benki, halafu uzigusanishe simu mbili, mdomo wa hii kwenye sikio la ile. Nitaongea mimi."

Isabela akasikia ndoo ikigonga chini, kisha simu ikakatwa.

Dakika zile zilikuwa ndefu. Watu wanne walikuja kutoa pesa, akawaambia mashine ni mbovu, wakamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. Mmoja aliuliza kama ameajiriwa kuilinda. Wa tano hakuondoka. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo mama. Naomba unipishe. Mke wangu amelazwa Mkomaindo, nahitaji hela ya dawa sasa hivi."

"Marahaba. Baba, ukiitia kadi yako humo nayo itanaswa. Yangu imo ndani. Wameweka kitu."

"Mama, mke wangu yuko wodini."

Isabela hakujua la kufanya. Vipi kama ni yeye aliyekosea, na mashine imekufa tu, na mwanamke mgonjwa anasubiri kwa sababu ya woga wake? Akasogea kando nusu hatua. Yule mwanamume akaielekeza kadi yake kwenye tundu. Ikaingia ncha tu, ikagoma. Akainama, akachungulia, akaingiza ukucha. Alipoinuka sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kuna plastiki humu."

Jina lake lilikuwa Stefano, fundi bomba. Alimgeukia mlinzi, akamwonyesha, na safari hii mzee akasimama. Yule mwenye shati jeupe alikuwa bado kibarazani, lakini sasa simu ameiweka mfukoni.

"Namfahamu mtu wa benki hii," Stefano akasema. "Bonifasi. Tunaimba naye kwaya moja. Leo yuko harusini, si mbali. Namfuata kwa bodaboda."

"Na mkeo?"

"Bila mashine hii sina cha kumpelekea."

Akaondoka. Hapo hapo simu ikalia: Sikuzani, anahema, upepo unavuma ndani ya simu. Kisha kwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, ikaja sauti ya mwanamke kwa Kireno, ikisema jina la benki.

Isabela akaongea kwa Kireno chake cha darasani, kila neno limesimama peke yake. Yule mwanamke akataka tarehe ya kuzaliwa. Akataka namba ya kitambulisho. Akataka jina la mama mzazi. Isabela akayataja yote kwa sauti kubwa, barabarani, mbele ya mlinzi na mbele ya yule mtu, maana akipunguza sauti upepo wa Newala uliimeza. Alijifariji kwamba Masasi nani anajua Kireno. Kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe anakijua, na yuko Masasi.

"Mara ya mwisho ulitoa kiasi gani, na lini?" sauti ikauliza.

Alikumbuka. Akataja kiasi, na kabla hajataja tarehe sauti ikakatika.

"Mama mkubwa," Sikuzani akasema, karibu kulia, "salio la simu ndogo limeisha."

Isabela akafumba macho. Alipofumbua, yule mtu alikuwa anavuka barabara. Alikuja taratibu mpaka chini ya ngazi.

"Mama, jua litakuumiza. Ungekaa kivulini, mimi nikuangalizie."

"Rudi ulikotoka," Isabela akasema. Sauti ilitoka ile aliyowatolea watoto waliochokoza wenzao. Mlinzi akaja akasimama kando yake, rungu mkononi. Yule mtu akawatazama wote wawili, akageuka, akashika njia ya stendi. Hakukimbia.

"Mama mkubwa, imeingia meseji," Sikuzani akasema. "Sijui inasema nini. Nikusomee herufi?"

"Soma."

Akasoma moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika kwenye neno la tatu, B, L, O, Q, Isabela akamwambia basi, inatosha. Kwa Kireno hilo ni neno la kufungiwa: kadi ilikuwa imefungwa, majibu aliyowahi kutoa yalikuwa yametosha. Akakaa kwenye ngazi, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Bonifasi alifika kwenye saa kumi na moja, amevaa suti ya harusi, pamoja na askari wawili. Alipoufungua uso wa mashine alivuta utepe mweusi wa plastiki uliokunjwa kama bahasha, na ndani yake kadi ya Isabela.

"Ungeondoka tu, angekuja kuivuta na kwenda nayo mashine nyingine," akasema. "Namba si alikuwa nayo." Kisha akaomba radhi, akaikata kadi kwa mkasi mbele yake, kwa kuwa haikufaa tena. Stefano akatoa pesa zake za dawa. Kabla hajakimbilia Mkomaindo akamshikisha Isabela nauli ya kurudi Newala, na Isabela, ambaye hakuwahi kupokea hela ya mtu asiyemjua, akaipokea.

Yule mtu hakupatikana. Pensheni ilikuwa salama, lakini iko ng'ambo, na kadi mpya ilitaka mwenyewe aende. Miezi mitatu Isabela aliahirisha. Alisema mvua, akasema goti. Magdalena alinunua maji kwa pesa za mumewe na hakulalamika hata siku moja, na ukimya huo ulimchoma Isabela kuliko maneno. Mwisho mume huyo wa Magdalena, Dastani, akasema atamsindikiza, wakavuka daraja la Mtambaswala na kulala njiani mara mbili. Mueda kulikuwa na askari wengi na watu wachache aliowajua. Benki walimkabidhi kadi kwa nusu saa. Kijijini kwake hakufika, njia ilikuwa haijatulia.

Siku hizi hushuka Masasi siku ya kazi, asubuhi, benki ikiwa wazi, na Sikuzani akiwa nyuma yake. Kabla ya kuingiza kadi hushika mdomo wa tundu kwa vidole viwili na kuuvuta kwa nguvu, kisha huufunika mkono kwa kitenge wakati wa kubonyeza. Walio kwenye foleni huguna. Usiku wa kuamkia safari bado hapati usingizi, na Magdalena, anayelala chumba cha pili, humsikia akiamka kuigusa ile leso.