Fulgensi Aliomba Muda

Watu wa Lipangalala wakitaka kunikera hawanitukani. Wananiuliza tu, "Klementina, fundi bado hajaoa?" Na mimi, kwa hasira zangu za kuzaliwa nazo, huwajibu, "Ameoa, mke kamficha chini ya kitanda." Wanacheka, wanaenda zao. Nabaki na cherehani yangu na roho inayouma, maana mdogo wangu Fulgensi kitu alichokitaka kuliko vyote duniani ni mke. Hakutaka gari wala nyumba ya vigae. Alitaka mtu wa kula naye jioni.

Fulgensi ni fundi baiskeli pale Kibaoni, kibanda chake kimepakana na changu cha ushonaji. Ana miaka thelathini na minne. Hapa Ifakara baiskeli ndiyo miguu ya watu, kwa hiyo kazi haimpungukii. Ringi iliyopinda akiizungusha mara moja tu anajua spoku ipi imelegea. Lakini akiongea na mtu hamtazami usoni; anatazama bega, au anatazama mnyororo. Pikipiki ikipita na mlio wake anaziba masikio kwa mikono miwili, mbele ya wateja. Wali na mchuzi lazima vikae sahani mbalimbali, vikigusana hali. Na ukimuuliza jambo atakujibu ukweli, hata kama uliuliza kwa adabu tu. Marehemu mama alikuwa akijisifu, "Huyu mwanangu hana uongo hata wa kuazima." Alijisifu kwa sababu si yeye aliyebaki kumtafutia mke.

Niliyebaki ni mimi. Nilimletea Violeth, mtoto wa watu, msusi, akaja amependeza. Fulgensi akamtazama kichwani, akasema, "Hizo nywele si zako, na zimekaa upande." Violeth hata soda hakumaliza. Akaja Careen wa duka la simu. Huyo walielewana kidogo, mpaka siku aliyomwambia, "Jumapili nitapita." Fulgensi akavaa shati jeupe, akakaa kwenye kiti nje tangu saa nne asubuhi hadi jua linazama. Jumatatu akaniuliza kama Careen anaumwa. Nikamwambia, "Fulge, akufukuzaye hakwambii toka." Akafikiri sana. "Angeniambia toka," akasema. "Nisingekaa juani."

Jamani, niliingia ndani nikalia.

Miaka mitatu iliyopita alianza kukosa usingizi na kichwa kumwuma, nikampeleka Morogoro. Tukampata daktari mmoja mwanamke, mpole, akamuuliza maswali siku mbili, na mimi akaniuliza habari za utoto wake. Mwisho akaandika karatasi. Ana usonji, akasema. Si wazimu, si laana, hauambukizi. Ndivyo alivyozaliwa, akili yake inapokea mambo kwa njia yake. Kwenye basi la kurudi Fulgensi alifurahi kama aliyepata barua ya ndugu aliyepotea. "Dada, kumbe tuko wengi," alisema. Mimi jasho lilikuwa linanitoka. Naijua Ifakara. Ukisema akili asubuhi, jioni watu wamesikia kichaa. Nikamwambia, "Hii habari usimwambie mtu."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote."

Karatasi nikaizika chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya vitenge vya mama. Nilidhani namlinda.

Kisha akaja Agnella. Alikuwa akileta kambale wa kubanika sokoni kwa baiskeli, anawachukua kwa wavuvi kule mtoni. Siku hiyo breki zilikatika, akasimama kwenye kibanda cha Fulgensi, na kabla hata hajaeleza shida yake nikamsikia mdogo wangu anamwambia, "Harufu ya samaki inaniumiza kichwa. Simama upande ule, upepo unakokwenda." Nikafumba macho. Nikasema tumekwisha. Mara nasikia kicheko, binti wa watu kashikilia nguzo ya kibanda asianguke. "Wenzako wananuna tu pua imekunjwa," akamwambia. "Wewe umesema."

Kesho yake alirudi amejisugua mikono kwa limao, na baiskeli haikuwa na kasoro yoyote. Mwaka mzima ukapita hivyo. Anaongea yeye, Fulgensi anakaza nati. Akijua pikipiki inakuja ananyamaza hadi ipite. Siku moja nilimuuliza kwa ukali wangu, binti mzuri kama wewe unatafuta nini kwa huyu? Akanijibu, "Wifi, kwa huyu sibahatishi. Akisema nimependeza, nimependeza kweli."

Nilimpenda hapohapo. Tukapeleka posa kwa mama yake, Mama Balbina, mjane wa Kipogoro mwenye msimamo wake, ikapokelewa. Wakaenda mafundisho ya ndoa. Mwezi wa kwanza, kabla ya Kwaresima, matangazo yakaanza kusomwa kanisani. Kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu. Jumapili ya kwanza nilivaa kitenge kipya, nikakaa benchi la mbele, nikawa nawageukia wale wanaoniulizaga. Katekista akasoma majina yao, akamalizia kama kawaida: mwenye kujua kizuizi chochote cha ndoa hii anawajibika kumwarifu paroko.

Mchana Fulgensi hakula.

"Dada, kizuizi ni kitu gani?"

"Ni kama mtu ana mke mwingine kwao. Kula."

"Au jambo lililofichwa?"

"Kula, Fulge, chakula kinapoa."

Mungu anisamehe, lile swali nililisikia vizuri. Nikalipita kama anayepita ombaomba njiani.

Jumapili ya pili, misa ilipokwisha, nikamtafuta nje simwoni. Alikuwa kwa paroko, karatasi ya Morogoro mfukoni mwa shati. Alikuwa amefukua sanduku alfajiri mimi nikichota maji. Paroko aliisoma, akamwambia hiki si kizuizi cha ndoa hata kidogo, ila ni haki ya mchumba wako kujua, basi mwambie. Mwambie! Huwezi kumwambia Fulgensi neno hilo ukaliacha hivyohivyo bila kumweleza lini, wapi, na nani awepo. Alipanda baiskeli moja kwa moja hadi kwa Mama Balbina. Akakuta ukoo umekusanyika kwa chakula cha mchana, na mjomba wao Adolf ameshuka kutoka Mahenge kwa ajili ya maandalizi. Akawaamkia wote shikamoo, akasimama katikati, akawasomea karatasi kuanzia juu mpaka chini, na muhuri akausoma.

Habari zilinifikia kabla yeye hajarudi. Nilikimbia kandambili mkononi. Nikamkuta Mjomba Adolf anafoka uani, "Yaani tumeuziwa mbuzi kwenye gunia? Na watoto wakizaliwa hivyo, nani atalea?" Agnella alikuwa kajifungia ndani. Mama Balbina hakufoka. Alinikalisha kwenye kigoda.

"Klementina, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Ungenieleza, labda ningempokea. Nasema labda. Sasa nitajuaje mengine mliyotuficha?"

Posa ikavunjika palepale, na tangazo la tatu halikusomwa.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamkuta anaosha mikono yake kwa sabuni kama kila siku. "Nani alikutuma?" nikamfokea. "Nani alikutuma wewe?" Akasema, "Walisema anayejua anawajibika. Mimi nilikuwa najua." Nikarusha mwiko ukagonga ukuta. Yeye akaziba masikio, akachuchumaa pembeni ya mtungi, na mimi nikaona aibu ya maisha.

Alhamisi Agnella akaja kibandani. Macho yamevimba, begi dogo limefungwa nyuma ya baiskeli. Akaniambia, "Wifi, kaa hapohapo usikie. Sina la kuficha." Akamgeukia Fulgensi.

"Mjomba amesema, mama amesema. Mimi sijasema. Huo usonji nilikuwa nauona kila siku, nilikuwa sijui jina lake tu. Naweza kuja kwako leo, wakasirike mpaka wachoke. Lakini nikiwaacha ndugu zangu, nataka niwe na kitu cha kushika. Hujawahi kuniambia. Unanipenda?"

Fulgensi alikuwa ameshika ringi. Akaizungusha. Akaizungusha tena. Neno moja tu, silabi nne, watoto wa shule wanaandikiana kwenye madaftari!

"Sijui," akasema.

Agnella hakusogea.

"Sijui kama ninachokisikia ndicho watu wanachokiita hivyo," akaendelea, anaitazama ringi. "Nikikosea nitakuwa nimekudanganya. Naomba muda nifikiri."

"Fulge!" nikaruka kwenye cherehani. "Sema ndiyo! Mwambie ndiyo!"

"Usimfundishe, wifi," Agnella akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, sauti haikutetemeka. "Muda gani, Fulgensi?"

"Sijui bado."

Alisimama kidogo, pengine akitarajia kitu. Kisha akaigeuza baiskeli yake, akaenda. Baadaye tulisikia amehamia Mngeta kwa dada yake, anafanya vibarua vya mpunga. Namba ya simu akabadilisha.

Sasa nyie mtasema hakumpenda. Hata mimi nilisema hivyo, tena kwa maneno makali. Lakini huyu mtu alianza kufikiri kweli. Masika yote alikuwa anafikiri. Mteja mwenye pete akija kuziba pancha anaulizwa, "Ulijuaje kwamba unampenda mkeo?" Wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akamjibu, "Nilijua alipopata mimba." Fulgensi akalitafakari na hilo, akaona halimsaidii. Alikwenda kwa paroko. Akamuuliza mwalimu Obadia aliyefiwa na mkewe, na mwalimu peke yake hakucheka. Walikaa naye alasiri nzima. Akaniuliza na mimi kama nilimpenda shemeji yake kabla hajanikimbia. Nikamwambia aniondokee mbele yangu, nina nguo za watu.

Mwezi wa tano, mpunga umeanza kuvunwa, wanawake wa ukoo wa Mama Balbina walileta vitenge vya sare kwa fundi mwenzangu wa kibanda cha nne. Vya kijani. Hawakuleta kwangu, wana haki. Yule mwenzangu, Merina, akaja kuninong'oneza: Agnella anaolewa na mgane mmoja wa Mngeta, matangazo yameanza kusomwa huko. Nikamwomba Merina asiseme mbele ya mdogo wangu. Nilijiambia anaelekea kusahau, kwa nini nimtoneshe kidonda? Nilijiambia nitamwambia kesho. Wiki tatu nilijiambia hivyo, na kila siku namwona Merina kibandani kwake anakata vitambaa vya kijani, anapiga pasi, anakunja.

Jumamosi wakaenda harusini, lori zima, wanapiga vigelegele wakipita Kibaoni. Fulgensi aliziba masikio, hakuinua kichwa.

Jumatano yake nilikuwa napika. Akaja jikoni, akakaa kwenye kinu kilicholala, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanitazama usoni. Kwa muda mfupi, lakini alinitazama.

"Dada, nimepata jibu."

Nikauweka mwiko chini.

"Breki ikilia barabarani huwa nainuka," akasema taratibu, kama anayesoma karatasi aliyoiandika mwenyewe. "Siinuki kwa sababu ya kazi. Naangalia kama ni yeye. Ikiwa si yeye, hapa kifuani panauma, na kazi ya mtu huyo naichelewesha. Mwalimu Obadia amesema kwake ni hivyohivyo, na mkewe alikufa miaka sita iliyopita. Nimehakikisha. Nampenda. Kesho asubuhi mapema nitakwenda Mngeta kumwambia, baiskeli nimeshaitia grisi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitamani awe na hasira kama zangu, anipige, kuliko kukaa pale ametulia hivyo, amefurahi, shati amelifua.

"Fulge. Ameolewa."

Akayashusha macho kwenye kinu.

"Jumamosi iliyopita. Lile lori."

Nikangoja alie, au azibe masikio. Hakufanya hata kimoja. Alikuwa anafikiri, na nilimwona anafikiri, hatua kwa hatua.

"Wewe ulijua lini?"

"Tangu matangazo ya kwanza. Wiki tatu na siku kadhaa." Nilikuwa nimeshaanza kulia. "Sikutaka uumie, mdogo wangu. Nilitaka kukuambia."

"Sikujua kwamba muda una mwisho," akasema. Hakunilaumu, sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. "Ungeniambia, dada. Ningefikiri haraka."