Mkorogo Ndani ya Kopo la Mafuta ya Mgando

Wenzangu, kabla hamjanicheka, jueni nimeshajicheka mwenyewe.

Dada Neema alirudi kwetu Nkuhungu kulea mtoto wake wa kwanza. Nesi wa kliniki alimwonya: anayenyonyesha asiguse krimu za kung'arisha ngozi, maana kemikali zake hupenya mwilini, na zikiwa kifuani mtoto anazilamba. Basi nikajiteua mkaguzi. Kila losheni ya dada niliinusa na kuisomea mashtaka.

"Dada, hii hapana. Tunalinda kizazi!"

Kumbe mkaguzi mwenyewe nilikuwa najipaka mkorogo wa krimu hizo hizo kwa siri, nitakate kabla ya mahafali ya kidato cha nne. Ili mama asiugundue, niliuhamishia kwenye kopo la mafuta ya mgando. Walioniuliza mbona nang'aa, niliwaambia nakunywa maji mengi. Dodoma hii ya ukame, maji!

Jumapili kina mama wa jumuiya walikuja kumwona mtoto. Mtoto akaanza kulilia ziwa. Dada, ambaye chuchu zilikuwa zimempasuka, akaliona kopo langu nililolisahau dirishani.

"Haya ya mgando hata mkaguzi wetu hayakatai," akasema, akachota kwa kidole.

Niliruka meza na vikombe vyake. "Dada, usipake! Ni mkorogo wangu!"

Sebule nzima ikanigeukia. Mama akanishika mkono, akaukagua taratibu hadi vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi, kisha akanitazama usoni.

"Ndiyo maana," akasema. "Uso umeshafika Ulaya, vidole bado viko kijijini Kibakwe."