Moto wa Saa Sita Mchana

Kama umewahi kuishi Karagwe wakati wa kiangazi, harufu hii unaijua. Wiki iliyopita nilishuka kwenye bodaboda pale Chonyonyo, na hata begi sijatua chini, pua ikaniambia kwamba kilima kimeungua. Rweya yote, ule uwanda wa nyasi ulio juu ya nyumba yetu, ilikuwa nyeusi. Nikauliza dukani nani kachoma. Wakanijibu bila hata kugeuka, "Si hao wenye ng'ombe!" Maneno hayohayo niliyasikia nikiwa na miaka tisa, na safari ile nilijua ni uongo.

Bibi yangu alikuwa na kibanja ambacho mpita njia alisimama kukitazama. Migomba juu, mibuni chini yake, na udongo huuoni, maana umefunikwa nyasi kavu zilizonifika magotini. Nyasi hizo tulizikata rweya tukazibeba kichwani, shingo zikituwasha, bibi nyuma akiimba nyimbo za kanisani. "Kibanja kilicho uchi ni aibu ya mwenye nyumba," alikuwa akisema, nasi watoto tukicheka kwa sababu ya hilo neno uchi. Jioni tulikula ndizi na maharage vilivyoivia ndani ya majani ya mgomba, na mpaka leo sijapata chakula chenye harufu ile.

Sasa, kila kiangazi kilipoanza, wenye vibanja kandokando ya rweya walichoma ukanda mwembamba kati ya nyasi na migomba yao, ili moto wa mbali ukija ukose cha kula. Kazi hiyo ilikuwa na taratibu zake. Ilifanywa jioni, upepo umetulia. Na haikufanywa na mtu mmoja. Ulimwita jirani, akasimama na tawi bichi mkononi, cheche ikiruka anaipiga. Siku yake ikifika, nawe ulikwenda kumshikia tawi. Kwa hiyo waliogombana walilazimika kupatana kabla ya kiangazi, wapende wasipende.

Jirani yetu wa juu alikuwa amehamia kutoka Isingiro na ng'ombe wake sita. Mtu mpole, mwenye kikohozi, aliyetuletea maziwa bila kuombwa. Kama wafugaji wengine, mvua zikikaribia alichoma kipande cha rweya apate majani mabichi. Mwaka ule ng'ombe wake mmoja aliingia kwa bibi akatafuna migomba michanga minne. Jirani akaja kuomba radhi, kofia mkononi. Lo, bibi yangu alijua kununa! Hakuitikia hata shikamoo yake. Wiki tatu nzima tukanywa chai ya rangi.

Siku ya kuchoma ukanda ikafika. Nikamwuliza, "Bibi, nikamwite jirani?"

"Nani kakwambia namhitaji?"

Hakutaka kungoja jioni, kwa sababu jioni jirani angekuwa amerudi kutoka malishoni, angemwona anahangaika peke yake. Akatoka saa sita mchana, jua la utosi, na kijinga cha moto na tawi moja. Mimi nikamfuata.

Mwanzo moto ulimtii. Kisha upepo ukageuka, cheche ikaruka juu ya kichwa chake ikatua kwenye zile nyasi alizozitandaza kwa mikono yake. Zilizokuwa fahari yake ndizo zilizoubeba moto mpaka katikati ya kibanja. Upande wa pili moto ukapanda rweya, ukipasukapasuka. Bibi akapiga yowe. Wa kwanza kufika, akihema na kukohoa, alikuwa jirani. Aliupiga moto kwa tawi mpaka nyusi zake zikaungua.

Nyumba ilipona. Nusu ya kibanja iliteketea, mibuni ikabaki vijiti, na nyasi za kijiji kizima, za kutandaza na za kuezekea, zikaisha siku moja. Zizi la jirani nalo likaungua. Husemwa fahari wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Kwetu ziliumia kweli.

Kesho yake watu walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa, wamekasirika, na haki walikuwa nayo. Mwenyekiti wa kitongoji hakuuliza sana. "Anayechoma kila mwaka tunamjua," akasema. Wakataka jirani ahame na ng'ombe wake. Jirani alisimama pale, mikono imefungwa vitambaa. Yeye alikuwa amekiona kile kijinga. Akamtazama bibi mara moja, akainamisha kichwa. Niliishika kanga ya bibi kwa nguvu. Niliogopa atasema, na niliogopa zaidi kwamba hatasema.

Bibi akasimama.

"Mwacheni. Ni mimi. Nilichoma saa sita, peke yangu, kwa sababu ya kununa. Kama kuna wa kuhama, nitahama mimi."

Nililia mbele za watu, sikujali. Hakuna aliyehama. Mvua za kwanza ziliosha ule udongo mweusi mpaka bondeni, na kahawa hatukuchuma kwa misimu kadhaa. Tuliishi kwa mihogo ya kupewa. Lakini kila asubuhi jirani alikuja na kapu la samadi, akalimwaga kwenye visiki vilivyoungua, na chupa ya maziwa akaiacha kizingitini. Bibi aliitikia shikamoo yake, tena siku nyingine alitoka nje kuisubiri.

Sasa bibi amelala kibanjani, chini ya migomba aliyoipanda upya. Siku hizi hakuna anayemshikia mwenzake tawi. Kila mtu anachoma kwake saa atakayo, na moto ukitoroka watu wanatoa simu wanapiga picha. Yowe sijalisikia miaka mingi. Inaniuma, sitakuficha.

Kabla sijaondoka nilipanda kwa jirani. Amezeeka, macho yameanza kufifia. Anayesemwa dukani ni mjukuu wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akanishika mkono asiuachie. "Kijana wangu siku ya moto huu alikuwa Isingiro, msibani. Hata hakuwepo hapa." Akakohoa, akapumzika kidogo. "Mkutano wa kumjadili ni kesho. Na bibi yako hayupo. Safari hii nani atasema, 'Ni mimi'?"

Nilikaa naye mpaka chai ya maziwa ikapoa.