Mtungi wa Marehemu Wote

Kwetu mtungi wa pombe ya mtama hauanzwi na mtu mmoja. Sijui nani aliweka hivyo, mimi nimekuta tu. Mnakaa wawili, au mnakaa kumi, kila mtu na mrija wake, mnavuta, mnaongea, mnavuta tena. Ukikutwa umeinamia mtungi peke yako, hata kama umeupika mwenyewe kwa kuni zako, watu wanasema huyo mama ni mchawi, ana wenzake wasioonekana. Nakwambia mapema ili usinicheke huko mbele. Au nicheke tu, mie mwenyewe nilicheka.

Hapa Kibondo, huku upande wa Kitahana, Krismasi ni ya watoto na wali. Sikukuu yetu wazee ni Marehemu Wote, tarehe mbili mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeshaanza. Padri anakuja makaburini na maji ya baraka, anapita kaburi kwa kaburi ananyunyiza, kwaya inaimba, katekista anasoma majina ya waliolala. Hiyo ni sehemu ya padri. Ikiisha inakuja sehemu yetu. Kila familia ina mtungi wake, umekaa ng'ambo ya njia, kwa sababu zamani sana padri mmoja Mzungu alikataa pombe isiingie makaburini. Alikataa isiingie, hakukataa isikae ng'ambo ya njia. Basi tunakaa ng'ambo ya njia! Mrija wa kwanza unauchomeka kwa ajili ya marehemu wako, unauelekeza kwenye kaburi lake, na huo haugusi mtu. Halafu ndiyo walio hai wanavuta. Wakwe zangu walifanya hivyohivyo kabla hawajabatizwa, ila wao walikaa kwenye kichaka cha mizimu. Sisi tumehamisha mtungi tu. Padri wa sasa ni kijana, anakuja anakaa na sisi na soda yake, anasema, "Bibi, mimi hapa sijaona kitu."

Mume wangu alipokufa, mwaka wa kwanza walikuja watoto wote na wajukuu, na shemeji zangu kutoka Muyama, tukapika mitungi mitatu. Mwaka wa pili mitungi miwili. Wa tatu, mmoja, na tulikuwa watano. Huu ninaoueleza ni wa nne.

Pombe ya mtama haina haraka. Unaloweka mtama, unaufunika na majani ya mgomba mpaka uote, unauanika, unausaga, unapika uji, unauacha, unatia kimea. Unahesabu siku kurudi nyuma kutoka ile tarehe mbili, na ukikosea hata siku moja umekwisha. Ikiiva leo, inanywewa leo. Kesho ni kali, keshokutwa ni siki. Mimi nilihesabu vizuri kabisa. Kuhesabu najua, ingawa shule niliishia darasa la pili. Kusoma ndiyo shida, na siku hizo goti lilikuwa limenivimba, Jumapili mbili sikwenda kanisani. Ijumaa moja nilipita pale kigangoni, kwenye kanisa letu dogo, nikienda kutafuta dawa, nikaona karatasi imebandikwa mlangoni. Nikasema, hee, ni matangazo ya ndoa hayo, nani tena anaoa? Nikacheka, nikapita. Sikumuuliza mtu.

Nilimpigia binti yangu aliyeko Kasulu, anauza kwenye duka la vitenge la Mwislamu mmoja, mtu mzuri tu, ruhusa angempa.

"Mama, mwaka huu haiwezekani. Mzigo umeingia."

"Mzigo una miguu? Utaondoka?"

"Mama jamani! Si ununue soda tu uwape watu? Hiyo kazi ya mtama inakuumiza mgongo."

"Baba yako alikuwa anakunywa soda?"

Halafu akasema, "Utakuwa na watu wa jumuiya, Mama. Hutakuwa peke yako."

Nikasema sawa. Kweli, nikawaza, watu wa jumuiya wapo. Mmoja tu akikaa na mimi, mtungi wa mume wangu utaanzwa. Sikutaka zaidi ya huyo mmoja.

Basi tarehe mbili, Jumatano, nikaamka mapema, nikajitwisha mtungi mdogo juu ya kata ya majani makavu ya mgomba, nikaenda polepole. Nilipumzika mara tatu. Pombe ilikuwa inachemka humo ndani, naisikia inanong'ona juu ya kichwa changu, mpaka nikaiambia ngoja, tunafika. Nilikuwa na furaha, usifikiri. Nilivaa kitenge changu cha Wawata, chama chetu cha wanawake kanisani.

Nikafika. Hakuna mtu.

Nikajua nimewahi. Nikaenda kwenye jiwe moja ng'ambo ya njia, nikautua mtungi, nikaufunika na jani. Nikavuka nikang'oa majani kwenye kaburi la mume wangu, nikarudi. Majani yalikuwa yamefunika makaburi mengine mpaka misalaba haionekani, na hapo ndipo nilipoanza kushangaa, maana kwa kawaida watu wanafyeka siku moja kabla. Nikajiambia, mvua imewazuia. Nikakaa. Jua likapanda. Akapita mbuzi anaburuta kamba yake. Nikamsalimia mbuzi! Ukikaa muda mrefu bila kuongea, mdomo unakuwa kama si wako.

Nikachomeka mrija wa mume wangu. Nikamwambia, "Mwenzangu, wanakuja." Nikaona aibu kumdanganya, nikaongeza, "Nadhani."

Unajua kinachouma ni nini? Siyo kukaa peke yako nyumbani. Nyumbani nimezoea, naongea na kuku, nasikiliza redio. Kinachouma ni kukaa peke yako mahali ambapo kila mwaka pana kelele. Ngoma pale, kwaya pale, wamama wanagombania kivuli, na yule mzee mmoja aliyekuwa analewa kabla ya baraka. Naviona vyote, halafu natazama, ni nyasi tu.

Saa sita hivi akaja mwanamke jirani yangu anatoka shambani na jembe begani. Huyu wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakati wa vita, yeye kakulia huku, sasa ana uraia kama mimi. Ameokoka. Kanisa lao hawagusi pombe hata ya kuonja, na wakimsikia mtu amegusa wanamsimamisha mbele ya watu wote.

"Bibi, mbona umekaa hapa?"

"Nangoja watu wa Marehemu Wote."

Akatua jembe. "Bibi yangu. Si wamesogeza Jumapili? Padri ana vigango vingi. Watoto wangu walisema, imebandikwa mlangoni kwenu."

Ile karatasi! Nilicheka mpaka nikashika goti. Yeye hakucheka. Alinitazama tu, na mimi nikiwa nacheka nikaona machozi yananitoka, nikayafuta na kitenge, nikasema ni vumbi. Vumbi gani, na mvua yote ile.

"Na Jumapili pombe itakuwa siki," nikamwambia. "Leo ndiyo imeiva. Na siwezi kuianza peke yangu, na wewe umeokoka."

"Nimeokoka, Bibi."

"Najua. Sijakwambia unywe. Kaa tu, ushike mrija."

"Nishike?"

"Shika, weka mdomoni, usivute. Ili tuwe wawili."

Akatazama njia upande wa juu, akatazama upande wa chini. "Na mtu akipita?"

"Akipita nitasema umezimia nakupepea."

Hapo ndipo alipocheka. Akakaa, akafunga kanga vizuri, akachukua mrija akaushika kwa vidole viwili kama mtu ameshika mjusi, akauweka mdomoni. Nikavuta. Jamani! Ilikuwa imekubali, nzito, chachu yake imekaa pale inapotakiwa. Mume wangu kila mwaka alikuwa analalamika, "Nyepesi hii, umeninyima mtama." Nikamwelekea ng'ambo kule nikasema, "Haya sema leo!"

"Bibi, mimi sijavuta," jirani akasema, na mrija bado mdomoni.

"Nakuona. Mashavu yako yametulia."

Tukakaa. Aliniuliza mume wangu alikuwaje, nikamsimulia, na kusimulia mimi sichoki. Nilipomaliza akageukia makaburi. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Bibi, wa kwangu anaweza kuingia hapa?"

"Wa kwako nani?"

"Mama. Alizikwa kambini. Kambi ilifungwa, makaburi yameota msitu. Nilikwenda mara moja na kaka yangu, tukazunguka siku nzima, hatukulijua lipi ni lake. Na kanisani kwetu hatuombei wafu."

Nilikata unyasi mmoja mrefu kando ya njia, nikautoboa kwa mwiba, nikampa. "Kambi ilikuwa upande gani?" Akaonyesha kwa kidevu. Akauchomeka mwenyewe, akauelekeza kule. Nikavuta kidogo, kwa ajili yao wote.

Baada ya hapo alisimama, akachukua jembe. Alisema, "Bibi, usinitaje." Nikasema sitakutaja. Akaenda, na mimi sikuweza kuvuta tena, maana nimebaki mmoja. Mtungi ulikuwa umejaa karibu wote. Niliumwaga pale pale, nusu kwa upande wa mume wangu, nusu kwa upande wa kambi, nikarudi nyumbani na mtungi mwepesi. Kurudi ilikuwa mbali kuliko kwenda.

Jumapili watu wakajaa. Padri akanyunyiza, kwaya ikaimba, mitungi ikapangwa ng'ambo ya njia. Mimi nilikuwa na chupa ya soda. Mama mwenyekiti wa jumuiya akaniuliza, "Bibi, wewe mwaka huu hujapika?"

"Nimepika. Imeisha Jumatano."

"Jumatano! Umekunywa na nani?"

Wote wakanigeukia. Ningefanyaje? Jina siwezi kulitaja. Peke yangu siwezi kusema, nitaitwa mchawi. Nikasema, "Na mume wangu. Na mama mmoja hivi, kaburi lake halijulikani liko wapi."

Mmoja akanisogezea kiti. Mwingine akanishika bega taratibu, kama anashika yai, akaniambia, "Pole, Bibi. Pumzika." Nikaelewa. Wameona akili zimeanza kuniacha! Nilitaka kucheka, nikanywa soda.

Watu wa jumuiya hawakungoja. Jioni hiyohiyo simu ikalia, binti yangu wa Kasulu, sauti imebadilika.

"Mama, nimesikia. Unakunywa pombe na marehemu?"

"Nani kakwambia?"

"Mama, nisikilize. Usitoke nyumbani. Kesho nachukua basi la asubuhi. Nimemwambia na kaka, naye anatafuta ruhusa."

"Na mzigo?"

"Achana na mzigo, Mama!"

Ningeweza kumweleza. Ilikuwa sentensi mbili tu. Nikaiangalia ile simu, nikaangalia viti vyangu vimepangwa ukutani havijakaliwa tangu mwaka jana. Nikasema, "Basi njoo, mwanangu. Uniletee na sukari."

Walikuja wote wawili, wakakaa siku nne. Kila nikiongea na kuku walikuwa wanatazamana. Jirani yangu alikuja kuwasalimia, akakaa mlangoni, hakusema neno la Jumatano ile, mimi pia. Sasa amehamia Kigoma mjini na mume wake, na kabla hajaondoka aliniambia, "Bibi, ukitaka kusimulia, simulia, ila sema sikuvuta."

Hakuvuta. Nilimwangalia mashavu.