Herufi Mbili Nyuma ya Neno

Shule niliyofundishia Kiingereza kule Beni, mashariki mwa Kongo, ilipofungwa kwa ajili ya vita, nilihamia Butembo, nikapanga chumba katika mtaa wa Bulengera. Asubuhi nilifundisha watu wazima katika ukumbi wa parokia. Wengi walitaka kuvuka kwenda Uganda.

Mmoja wao alikuwa mama aliyeuza samaki wa chumvi kutoka Kyavinyonge, kando ya ziwa. Mume wake alikwenda kwenye shamba lao la kakao, karibu na Beni, na hakurudi. Hata mwili haukuonekana. Ofisi moja ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka ilimtaka aeleze maisha yake kwa maandishi kabla ya kumpa hifadhi. Nilijitolea kumwandikia, akakataa.

"Mwalimu, ile habari ni yangu. Nitaiandika mimi mwenyewe."

Alishika haraka. Nilimweleza kwamba katika Kiingereza kivumishi hutangulia jina na hakibadiliki: "tall man", "tall men", wakati sisi husema mtu mrefu, watu warefu. Hilo lilimchekesha. Tukaingia kwenye vielezi. Kwa kuwa alisoma Kifaransa kidogo, nikamwambia: pale Wafaransa wanapoweka "ment", Waingereza huweka "ly". "Slow" ni mtu au kitu kilivyo, "slowly" ni jinsi tendo linavyofanyika, na neno hilo laweza kukaa mbele ya kitenzi. Kengele ya misa ikalia, tukatawanyika. Maneno yasiyofuata kanuni niliyaacha kwa juma lililofuata.

Kabla ya juma hilo aliniletea barua yake. Nilikuwa na rundo la karatasi za kusahihisha. Nikaangalia vivumishi tu, vyote vilikuwa mahali pake.

"Iko muzuri, mama."

Miezi miwili baadaye alisimama mlangoni mwa ukumbi, nakala ya barua mkononi.

"Mwalimu, niliandika nini humu? Batu ya ofisi baliniuliza: kama bwana yako hakukuwa anatumika kazi mu shamba, alikuwa anafuata nini mu pori? Baliniuliza kama alikuwa pamoja na batu ya bunduki."

Nikasoma: "My husband hardly worked in the field." Alitaka kusema mume wake alifanya kazi kwa bidii. "Hard" ingetosha, ni kielezi vilevile ilivyo. Yeye alitii somo langu, akaongeza "ly", na barua ikasema mumewe karibu hakufanya kazi kabisa.

"Kosa ni yangu, mama."

"Bwana yangu hapana mutu ya pori," alisema, kama vile mimi ndiye niliyemshitaki.

Niliandika barua ya kueleza kosa, nikatia sahihi. Alivuka nayo. Walimwambia faili imekwisha kufungwa. Nikaandika nyingine, ndefu zaidi, na mpaka leo haijajibiwa.

Akaacha darasa. Mara ya mwisho nilimkuta kwenye parking ya pikipiki za kwenda Beni, panga limefungwa katika kipande cha kitenge.

"Unarudi kule?"

"Kakao inaoza, mwalimu. Batoto batakula nini?"

Nilitaka kumwambia asiende. Lakini nilikuwa na nini cha kumpa badala yake? Alipanda nyuma ya dereva, akashika panga mapajani, wakaondoka.

Sijamwona tena, na sijui nimuulizie kwa nani.