Kijiji kilimchangia baba vidonge vya maumivu, ikabidi nisimame niwaombe waache

Wakuu, nawasalimu wote, na walionizidi umri shikamooni.

Haya yalinipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Nachapa kwa kidole kimoja na shule yangu iliishia la saba, mnivumilie.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, kijijini kwetu milimani, juu ya Mlola. Nilikuwa binti mwenye haya sana. Mgeni akipiga hodi, nakimbilia jikoni.

Baba alikuwa mpasua mbao. Siku moja gogo likambingirikia, likamvunja mguu. Hospitali wakamfunga plasta na kumwandikia vidonge vya maumivu, vile vya ukoo wa afyuni.

Havikuuzwa dukani. Kisheria ni dawa za hatari: lazima cheti cha daktari, na pale zahanati vilikaa kwenye kabati la kufuli, kila kimoja kinaandikwa daftarini. Sisi tulidhani vinabaniwa kwa sababu ni adimu tu.

Plasta ikatolewa. Baba akatembea. Vidonge hakuacha.

Mganga wa zahanati alipokataa kumwongezea, majirani wakaona huruma. Kwetu mtu akiugua anachangiwa: huyu mahindi, yule anakuja kumlimia shamba. Basi wakamchangia na vidonge! Kila aliyekuwa na masalio ya vidonge vile alivyowahi kuandikiwa hospitali alileta, kayafunga kwenye kipande cha gazeti.

Jirani yetu Mama Zuhura alikuwa katoka kupasuliwa juzi, bado anatembea kainama. Akaleta vyake.

"Mpe baba yako. Mimi nimezaa saba, maumivu gani yatanitisha?"

Baba akabadilika. Akikosa nusu siku tu ni jasho, miayo, kamasi, tumbo linamkata. Akipata, anasinzia na bakuli la uji mkononi. Msumeno ukaota kutu.

Nikajikaza nikamuuliza mganga.

"Binti, mguu ulishapona," akasema. "Sasa mwili umeizoea dawa. Ndiyo maana sheria imeifungia kabatini. Akizidisha, iko siku atalala asiamke."

Wakuu, nani awaambie majirani? Mama alishafariki, ndugu sina.

Kwenye mkutano wa nyumba kumi, balozi akauliza nani ana jambo. Nikasimama. Baba kakaa mbele yangu kabisa.

"Shikamooni. Naomba msimpe tena baba vidonge. Najua mnampenda, lakini vitamuua."

Mzee mmoja akadakia, "Ala! Kumbe huyu ana sauti? Mimi nilijua bubu!"

Watu wakacheka. Mama Zuhura hakucheka. "Unamnyima baba yako mzazi? Huo si ubepari huo?"

"Mama Zuhura, leteni mahindi," nikamjibu. "Vidonge hapana."

Baba akainuka, akaondoka bila kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Asubuhi nikamkuta mlangoni, kavaa viatu, vidonge vyote vilivyobaki kavifunga kwenye leso.

"Twende zahanati."

Mganga akaandikiana na daktari. Hakukatishwa ghafla, dozi ilipunguzwa kidogo kidogo, na kila kidonge alikimeza palepale mbele ya mganga. Wiki zile zilikuwa ngumu. Majirani wakapeana zamu ya kukaa naye. Mama Zuhura alileta uji kila siku, huku akinisema kila siku.

Akapona. Siku ya kurudi kazini, wenzake wakamuuliza nani atamshikia msumeno upande wa pili. Akaninyooshea kidole.

"Binti? Ataweza?"

"Huyu kaninyima mbele ya kijiji kizima," baba akasema. "Msumeno ndio umshinde?"

Wakuu, mpaka leo nikikumbuka neno lile natembea kifua mbele.

Nilichojifunza: dawa ile si mbaya, ilimtuliza baba alipokuwa na mguu uliovunjika. Ila cheti ni cha mtu mmoja na kwa muda wake. Masalio rudisha ulikoyatoa, usimpe mtu hata kama unampenda. Na aliyekwisha kuizoea asiachishwe kwa ubabe, apelekwe kwa wataalamu.

Aliyewahi kuuguza mtu wa namna hii aweke yake hapa chini. Nitajibu wote, ila taratibu, kidole ni kimoja.