Sekunde Kumi za Mama

"Na nisipogusa kitu, itafungukia wapi?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, miwani imemshuka puani. Nilikuwa nikiingiza mfumo wa pili kwenye kompyuta. Kompyuta ilikuwa yake. Aliinunua kwa kiinua mgongo, kilipouzwa kiwanda alichokipigia taipu tangu sijazaliwa, na sasa alichapa kadi za harusi sebuleni kwetu Tanga. Mimi nilikuwa nimerudi na shahada yangu, zama ambazo Serikali haikuwa tena ikiwapangia wahitimu kazi.

Rafiki yangu wa chuo aliniombea nafasi Dar es Salaam, kwenye ofisi iliyotumia mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ule wa bure. Nilitakiwa niujue kabla ya Idd. Akaniletea sidii ya mfumo huo na maelezo ya fotokopi kwa mtu wa basi. Nikaigawa diski ya kompyuta ya mama sehemu mbili: huku mfumo wake na kadi zake, kule wangu. Nilikuwa na saumu, koo limenikauka, naogopa kufuta harusi za watu.

Kadi zilisalimika. Ila mashine kila ikiwashwa ilionyesha orodha ya mifumo miwili, ikahesabu sekunde kumi, na usipochagua ikaingia kwangu: kioo cheusi, maandishi meupe. Ukurasa wa kurekebisha hilo haukuwamo kwenye fotokopi. Nikataka kubahatisha, mama akakataa.

"Kimeshakaa, kiache. Utakuwa ukinifungulia wewe."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi, niko uani nakuna nazi, nasikia naitwa: njoo, inahesabu. Naacha mbuzi, nafuta mikono kwenye kanga, nabonyeza mshale wa chini mara moja, kisha Enter, narudi. Nilimwonyesha mara nyingi. Alisema sekunde kumi hazimtoshi, yeye aliyekuwa akichapa bila kutazama vidole. Nami niliyehoji kila kitu, kuanzia bei ya unga hadi wachumba walioletwa na shangazi, hilo sikulihoji.

Idd ilipokaribia rafiki yangu alipiga simu kwa jirani, akauliza naja lini. Nikamwambia siwezi; nikiondoka, mama atakula nini? Nafasi akapewa mwingine. Nilikaa nyumbani miaka miwili zaidi, naichukia ile mashine, nikijikuta nahesabu moja hadi kumi hata sokoni nikichagua dagaa.

Nilikuwa tayari na watoto wawili mama mdogo aliponisimulia, akicheka, akidhani ninajua. Katika mwezi uleule wa Ramadhani nilikwenda Pangani siku tatu kumuuguza bibi, nikiamini kazi ya mama imesimama. Siku zote tatu mama aliifungua kompyuta mwenyewe, na akamaliza kadi za harusi mbili.